Mkalimani Aliyeuliza Mara Mbili

Hakuna aliyewahi kumwajiri awe mkalimani. Kwenye karatasi za serikali alikuwa mhudumu wa wodi, yaani mtu wa kumwaga mabeseni, kusukuma machela na kukung'uta mashuka. Lakini hospitali yetu ilikuwa juu mlimani, mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka Mbeya mjini, na wagonjwa walitujia kutoka kila upande na lugha zao: Wasafwa wa jirani, Wanyakyusa wa Rungwe, Wasangu wa bondeni, Wabena na Wahehe waliofuata kazi ya reli. Madaktari walikuwa wageni wa kupokezana. Sisi manesi kila mmoja alijua lugha ya mama yake na Kiswahili cha shule, basi. Yeye alizijua zote, na ambazo hakuzijua alizielewa. Akaitwa Mkalimani, na wakubwa na wadogo, na jina lake halisi likabaki kwenye daftari la mahudhurio.

Nikimkumbuka namwona asubuhi tu. Ukungu wa kule ulikuwa unaingia wodini bila hodi, kwa sababu mkuu wetu wa wodi alitaka madirisha yafunguliwe saa kumi na mbili, iwe baridi isiwe baridi. Ukisimama kwenye kitanda cha kwanza, cha tano hukioni. Katikati ya ule weupe ndipo sauti yake ilipotokea, ya chini, isiyo na haraka, ikisalimia kitanda baada ya kitanda, "Kamwene" hapa, "Ugonile" pale, na majibu yakitoka kwa watu usiowaona. Mara nyingine nadhani ile wodi niliiota. Kisha vidole vinaniuma kwa baridi ya zamani, nakubali kwamba nilikuwapo.

Sifa iliyomfuata kila alikokwenda ni ile ya kuuliza mara mbili. Mgonjwa akitakiwa kupasuliwa, Mkalimani alimweleza mbele ya ndugu zake wote, polepole, kisu kitapita wapi na kitatoa nini. Wajomba wakohoe, mashangazi wabishane, mume akune kichwa. Wakimaliza na kukubali, daktari alidhani kazi imekwisha, ananyoosha mkono apewe fomu. Hapo Mkalimani alikuwa anawatoa ndugu wote nje, hata mume, hata mama mzazi, anavuta kigoda karibu na kitanda na kuanza upya tangu neno la kwanza. "Sasa hao wameondoka," alikuwa anasema. "Wewe mwenyewe unasemaje?" Madaktari walikereka. Ndugu walinuna. Na wagonjwa, Mungu anisamehe, wengine waliogopa kuliko walivyoogopa kisu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwauliza swali la namna hiyo tangu wazaliwe.

Nasema wazi mapema, ili nisionekane namsifia tu: tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Ninapoandika habari zake naandika pia habari za mwanamke mmoja wa Rungwe niliyemjua kama mama Tusa, kwa sababu huyo ndiye ambaye hatukumuuliza. Kwa miaka mingi mama huyo aliishi kijijini kwake akingoja mtoto ambaye hospitali yetu ilijua hatakuja. Mkalimani alijua. Mimi pia nilijua. Nitafika huko.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mwembamba, na koti la kaki lililofika magotini ambalo hakulivua hata jua la Oktoba. Alipenda sukari kuliko mtoto, na ile miaka sukari ilipoadimika alikunywa chai yake akiwa amefumba macho, akisema anaikumbuka. Umri wake hakuna aliyeujua, kila mwaka alitaja mwingine. Aliogopa sindano. Huyu mtu aliyewashika mikono mamia ya watu wakichomwa, siku alipokanyaga msumari alijificha nyuma ya chumba cha kufulia, tukamkuta amejipaka majani anayoyajua mwenyewe. "Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia, maana hiyo ndiyo methali aliyowatania nayo wagonjwa kila siku. Akacheka, akasema methali ni za wagonjwa, yeye ni mtumishi.

Katika kutafsiri hakupunguza na hakuongeza, na hilo lilituponza sana. Mzee mmoja wa Kisafwa aliwahi kubonyezwa tumbo na daktari aliyeingia kwa haraka, akasema maneno marefu akiangalia ukuta. Mtafsiri mwingine angesema, "Anasema anaumwa." Mkalimani akasimama wima, akasema, "Mzee anasema amewahi kushikwa na ng'ombe kichaa lakini hata yule ng'ombe alimtazama usoni kwanza. Anasema kwao kijana asiyesalimia hapewi hata maji. Anauliza kama mama yako bado yuko hai, na kama yuko hai, anampa pole." Daktari akawa mwekundu hadi shingoni. Lakini alitoa mkono, akasalimia, na yule mzee akampa tumbo lote alibonyeze atakavyo. Tangu siku hiyo yule daktari alijifunza salamu yao, "Mwagona", akaikosea kila asubuhi, na Wasafwa wakampenda kwa kuikosea.

Nilimwuliza siku moja kwa nini asilainishe maneno kidogo, sote tuishi kwa amani. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Sista," akasema, "mimi ni mlango. Mlango ukianza kuchagua nani apite, hiyo si nyumba tena."

Nilimwona mwongo. Siku hiyo nilikuwa najua habari za mama Tusa, na yeye alijua kwamba najua. Alilikunja lile shuka, akalikunja tena, mpaka likawa dogo lisilofaa kuwekwa kabatini.

Kulikuwa na habari ya Msukuma mmoja kutoka Usangu, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mguu ulikuwa umeoza kuanzia kisigino. Daktari akasema ukatwe chini ya goti, la sivyo mtu huyu ana wiki chache. Wanawe wanne wakakubali, tena kwa machozi. Mkalimani akawatoa nje, akavuta kigoda. Kisukuma chake kilikuwa cha kubahatisha, wakasaidiana na Kiswahili. Walikaa muda mrefu. Alipotoka akasema, "Amekataa. Anataka kurudi kwa ng'ombe."

Daktari mkuu wetu, Mtanzania mwenzetu, mtu wa miwani na hasira za karibu, akamwambia amwulize tena.

"Nimemwuliza mara mbili, mzee. Ameelewa. Amenirudishia maneno yote kama nilivyompa, hata zile wiki."

"Basi mshawishi!"

"Hilo si la kwangu. Mshawishi wewe, nitatafsiri."

Daktari mkuu akashawishi, Mkalimani akatafsiri kila neno, na yule mzee akasikiliza kwa adabu kisha akaomba fimbo yake. Wanawe wakamchukua. Baada ya mwezi mmoja mwana mkubwa akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akasema baba amekufa akiwa ameegemea zizi, amemaliza kuwataja ng'ombe wake kwa majina. Daktari mkuu akamwambia Mkalimani mbele yetu sote, "Umemuua wewe."  Mkalimani hakuyanywa yale maziwa, akawagawia wagonjwa, na jioni nilimkuta amekaa kwenye ngazi akilia kwa sauti ya mtu asiyejua kulia. Nilikaa kando yake. Mpaka leo sijui kama tulifanya sawa, na sidhani kama yeye alijua.

Ugomvi mkubwa wa Mkalimani na daktari mkuu ulikuwa juu ya saini za wake za watu. Desturi ya hospitali ilikuwa kwamba mwanamke mwenye mume hatii saini yeye, anatia mume, na mume asipokuwepo anatia mzee wa kiume wa upande wake. Sote tuliamini ni sheria. Wanawake walilala na uchungu wakingoja mume arudi kutoka Makongolosi kwenye dhahabu, au kutoka Mgololo, au asirudi kabisa. Siku moja Mkalimani akaingia ofisini kwa daktari mkuu, kofia mkononi, akasema kwa upole, "Ndugu, naomba unionyeshe hiyo sheria. Nataka niwasomee watu."

Daktari mkuu akasema atamwonyesha kesho. Akafungua kabati kesho, na keshokutwa, na siku ya tatu tukamwona amekaa sakafuni katikati ya mafaili na nyaraka za wakoloni zilizoliwa na mchwa. Hakuipata. Alichopata ni ile fomu yenyewe tuliyokuwa tunaitumia kila siku, na chini yake mstari uliosema: sahihi ya mgonjwa, au ya ndugu iwapo mgonjwa hajiwezi. Mgonjwa alikuwa ametajwa kwanza. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaipita sehemu yake, tunakwenda kumtafuta ndugu. Naikumbuka ile ofisi siku hiyo, vumbi limesimama kwenye mwanga wa dirisha, na wanaume wawili wazima wakiitazama karatasi moja. Tangu hapo wanawake walianza kutia saini zao. Wengi walikuwa wametoka kwenye kisomo cha watu wazima mwaka uleule, waliandika majina yao kwa herufi kubwa zilizopanda mlima, na Mkalimani alizipuliza kama uji wa moto ili zikauke.

Sasa mama Tusa.

Aliletwa asubuhi, amebebwa kitandani na wanaume kutoka barabara kuu, ana uchungu wa mtoto wa tatu. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu akafa, wa pili, Tusajigwe, alitolewa kwa kisu akaishi. Daktari, mgeni ambaye baadaye alirudi kwao, alimpima akasema kovu limekuwa jembamba mno. Atamtoa mtoto huyu, na hapohapo afunge kizazi, kwa kuwa mimba ya nne itampasua na kumuua. Mumewe alikuwa Makongolosi. Aliyefuatana naye ni baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawakutani. Hamwangalii, hatamki jina lake, hazungumzi mahali alipo. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Mkalimani hilo alilijua, akaleta pazia la kijani, akaliweka kati yao, akajiona amefanya adabu yote. Kinyakyusa alikipata kwenye mashamba ya chai, kwenye makambi ya wanaume tu. Lugha alikuwa nayo safi, lakini hakuwahi kukaa katika nyumba yenye mkaza mwana. Akasimama penye ncha ya pazia ili sauti moja iwafikie wote wawili. Akaeleza kila kitu, mtoto, kisu, kizazi. Mzee akakohoa, akafikiri, akauliza kama mjukuu atakuwa hai. Akakubali. Kisha Mkalimani akapaza sauti: "Mama, umesikia? Unakubali?"

Mama Tusa alikuwa amejifunika blanketi kichwani tangu mzee alipokohoa mara ya kwanza. Hakusema kitu. Kwa Wahehe, na kwetu Wabena, mwanamke akinyamaza mbele ya mkwe amekubali.

"Amekubali," Mkalimani akasema.

Aliyeshika kisahani cha wino nilikuwa mimi. Nilimshika mzee kidole gumba, nikakibonyeza kwenye karatasi, nikakifuta kwa spiriti, akanishukuru. Mtoto alitoka hai, wa kiume, analia hadi tukacheka. Siku ya kumi na mbili mama akaenda kwao amembeba. Yule mzee akafa mwaka uleule, kabla mwanawe hajarudi kutoka kwenye dhahabu, na neno la kizazi akafa nalo.

Miaka minne baadaye, mwezi wa sita, mama Tusa alikuja kwa miguu yake. Nilimkumbuka kwa macho tu, mwili ulikuwa umekwisha. Mtoto wa kiume alikufa kwa surua. Tangu hapo anatafuta mwingine. Amekunywa dawa za waganga watatu, na wa mwisho amemwambia aliyemfunga ni mama yake mzazi, kwa wivu. Basi kwa mama yake hakanyagi. Mama anamtumia ndizi kwa watu, yeye anazirudisha. Mume anasukumwa na ukoo aoe mwingine. Alitueleza yote hayo bila kulia, mikono ameiweka mezani kwangu. "Hospitali ndiyo mlinizalisha," akasema kwa Kiswahili chake kidogo. "Nipeni dawa, nizae."

Nilifungua faili. Nikamtazama Mkalimani, naye akanitazama, na nikaona uso wake unashuka, maana ndipo alipojua kwamba mwanamke huyu hakuwahi kusikia. Tukaenda kwa daktari mkuu. Akasoma, akavua miwani. "Hii ilikuwa kabla yangu," akasema. "Kidole cha mkwe kipo. Mkimwambia leo, kesho ukoo mzima uko hapa na mapanga. Ni siri ya hospitali. Mwambieni asubiri."

Tukarudi. Mlango ulichagua. Mkalimani akamwambia kwa Kinyakyusa maneno machache hata mimi niliyaelewa: subiri, mama, Mungu yupo. Mama Tusa akashukuru, "Ndaga fijo, baba," akafungua kikapu, akatuachia chane ya ndizi mbivu. Nilizila mimi, nilikuwa na njaa, na sijapata kujichukia kama siku ile.

Kuuliza mara mbili kulianza Jumatatu iliyofuata.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mimi nikahamishiwa Iringa, yeye akastaafu akarudi kwao Kihesa, kwenye chumba cha uani kwa binti yake. Nilimtembelea Jumapili moja nikitoka kanisani. Alikuwa anachambua maharage juani, amevaa koti lilelile. Tulizungumza habari za watu, nani kafa, nani kaolewa. Kisha akasema bila kuinua macho, "Nataka kwenda Rungwe. Siwezi kwenda peke yangu. Mwanamume mgeni hawezi kukaa na mke wa mtu akamweleza habari za kizazi chake. Twende wote, sista."

"Mimi bado ni mtumishi, baba," nikamwambia. "Siri za hospitali nimeapa."

"Siri ni ya mgonjwa. Hii mgonjwa mwenyewe hana. Anayo nani?"

 Niliogopa kupoteza kazi yangu, na sioni haya kusema hivyo. Siku ya tatu nikaenda kwa mkuu wangu nikaomba ruhusa ya msiba, nikamuua shangazi ambaye alikuwa amekwisha kufa zamani. Mkalimani aliposikia akatikisa kichwa. "Tunaenda kusema kweli kwa nauli ya uongo," akasema, na njia nzima hadi Mbeya alinitania na huyo marehemu, akinipa pole kila basi liliposimama.

Rungwe ilikuwa ndani ya mvua, ile mvua ya kule isiyonyesha wala kukatika, inaning'inia tu juu ya migomba. Kijiji cha zamani hakikuwepo, watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari. Balozi wa nyumba kumi akatuelekeza. Tulitembea kwenye utelezi, yeye mbele, na kwa sababu ya ukungu wa mvua nilikuwa namwona na kumpoteza, namwona na kumpoteza. Nilitamani tusifike.

Mama Tusa alikuwa barazani anatwanga mahindi. Alimtambua kabla hajasalimiwa. Mumewe alikuwa mnadani, akasema, na mke mwenzake yuko shamba. Mke mwenzake. Nguo za mtoto mchanga zilikuwa kwenye kamba chini ya paa. Alitupatia vigoda, akamwita binti yake atuletee maji. Tusajigwe alikuwa amekua, ana sare ya shule iliyombana.

Mkalimani hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa Kinyakyusa, kisha sehemu akazirudia kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi. Alisema habari ya kovu, na kizazi, na pazia. Alisema, "Nilikuuliza mkwe wako akiwepo, ukanyamaza, mimi nikasema umekubali. Kisha ukaja tena, nikajua, nikakudanganya. Hukufungwa na mtu yeyote. Tulikufunga sisi." Nikasema na mimi kwamba wino niliushika mimi.

Mchi ulikuwa bado mkononi mwake. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kila jani la mgomba.

"Mkwe alipokohoa nilizibaga masikio," akasema mwishowe. "Mkwe anaongea habari ya tumbo lako, utasikilizaje? Niliziba hivi." Akaonyesha, vidole viwili. "Nilijua ni mtoto tu anatolewa."

"Ndiyo, mama."

"Mngeniuliza, ningekubali." Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Mimi nilikuwa nimechoka kukatwa. Njiani wale wanaume wananibeba, nilikuwa naomba Mungu huyu awe wa mwisho. Mngekuja huku kwangu tu, mkaniuliza. Ningekubali."

Mkalimani akaikunja kofia yake, akaikunja tena. 

Kisha nikaona uso wa yule mama unabadilika, polepole, si kwa ajili yetu tena. Aligeuka akatazama kule chini, ng'ambo ya kijito, ambako moshi ulikuwa unatoka kwenye paa moja la nyasi kati ya migomba. Serikali ilipowahamisha, iliwapanga jirani kiasi hicho.

"Mama," akasema. "Miaka minne nimekataa ndizi zake."

Akaacha mchi ukaanguka. Hakutuaga, hakuosha mikono, na huko mgeni haachwi hivyo. Alishuka mteremko akiwa na unga mpaka viwikoni, kwanza anatembea, kisha anakimbia, anateleza, anashika migomba, mpaka ukungu ukamchukua. Tusajigwe alisimama na kata ya maji mkononi. "Sisi hatuendagi kule," akatuambia kwa Kiswahili cha shule, macho yamemtoka. "Mama amesema kule hatuendi." Nikampokea ile kata, nikamvuta akae kando yangu.

Mkalimani alikaa sasa, chini, kwenye pumba za mahindi. Tulingoja. Kisha kutoka ng'ambo ya kijito zikatufikia sauti mbili za wanawake, moja ya kizee, zinapanda na kushuka pamoja. Sikuelewa chochote. Kwa mazoea ya miaka nikamgeukia, kama nilivyomgeukia maelfu ya mara wodini.

"Wanasemaje?" nikamwuliza.

Alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha.

"Hawasemi kitu, sista," akasema. "Wanalia tu."